Jina Si Nasaba: Miaka Ishirini ya Programu Hasidi Zilizojivika Majina ya Windows

Mwaka 2005 mnyoo wa kompyuta uliopewa jina la Brontok ulichomoza Indonesia, na haukukawia kuvuka bahari kwa baruapepe na kwa flashi. Ujanja wake haukuwa mkubwa. Ukiingia kwenye kompyuta ya Windows XP, ulijinakili ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, mahali ambapo programu nyingi huweka vikorokoro vyake, kisha nakala hizo zikapewa majina ya wakuu wa mfumo: winlogon.exe, services.exe, lsass.exe, smss.exe, csrss.exe. Nakala nyingine zilivaa picha ya folda ya manjano, ili mtu anayedhani anafungua folda awe kumbe ameuzindua mnyoo. Aliyeshuku akafungua Task Manager, programu ya Windows inayoorodhesha michakato inayoendeshwa, aliona services.exe mbili na lsass.exe mbili, na hakuwa na namna ya kuzipambanua, kwa kuwa Task Manager ya XP haikuwa na safu ya kuonyesha faili limetoka folda gani. Akijaribu kuisimamisha mojawapo, alijibiwa kwamba huo ni mchakato muhimu wa mfumo na hauwezi kukatishwa. XP ilikuwa na orodha ya majina yasiyoguswa, na ilipotakiwa kuamua ilitazama jina peke yake. Mnyoo ukawa umejikinga kwa ngao ile ile iliyotengenezwa kuukinga mfumo.

Ninashikilia kwamba kinachoutenga mchakato halali na programu hasidi iliyojigeuza si jina, wala picha, wala idadi, bali nasaba: faili limekaa wapi, nani aliliamsha, nani alilitia sahihi, na tangu liamke limekuwa likifanya nini. Kila alama ambayo watu walizoea kuiamini peke yake, historia inaonyesha, iliibwa ndani ya miaka michache. Hoja hii ina uzito wa pekee kwa miji ya Kenya kama Kitale na Bungoma, iliyopata kompyuta miaka kadhaa kabla ya kupata intaneti ya bei nafuu, kwa sababu huko mafaili yalisafiri mfukoni mwa watu, na mtu wa kwanza na wa mwisho kuamua kama kitu ni salama alikuwa mhudumu wa saiba mwenye foleni ya wateja mlangoni.

Ili kuelewa kilichoigwa, ni lazima kwanza kujua chenyewe kilivyo. Windows za leo zinatokana na Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993. Tangu wakati huo mfumo huamka kwa mpangilio usiobadilika ovyo. Kwenye XP, smss.exe ndiye wa mwanzo, humwamsha csrss.exe na winlogon.exe, winlogon.exe naye huwaamsha services.exe, msimamizi wa huduma zote, na lsass.exe, mlinzi wa nywila na ruhusa. Kuanzia Windows Vista hao wawili wa mwisho huamshwa na wininit.exe. Chini ya services.exe kuna svchost.exe, iliyoletwa na Windows 2000, ambayo kazi yake ni kubeba huduma zilizoandikwa kama maktaba zisizoweza kusimama zenyewe. Wote hawa hukaa katika folda ya System32. Explorer.exe, inayochora menyu na folda za kwenye kioo, hukaa nje kidogo, katika folda ya Windows yenyewe, na hivyo explorer.exe iliyokutwa ndani ya System32 ni ya kutiliwa shaka ingawa inaonekana iko mahali pa heshima zaidi. Mti huu wa uzazi haukuwa siri. Shida ni kwamba kwa miaka mingi haukuonyeshwa kwa mtu wa kawaida; alionyeshwa orodha ya majina tu, kana kwamba michakato yote ni ndugu wa tumbo moja.

Orodha hiyo ya majina ndiyo iliyofika Kitale na Bungoma. Hadi katikati ya mwaka 2009 Kenya nzima ilitegemea setilaiti kuufikia ulimwengu wa intaneti, na bei yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka huo, na SEACOM ikaanza kazi Julai 23. Baada ya hapo ilibidi nyuzi zipande bara, Nairobi, Eldoret, ndipo zifike Trans Nzoia, iliko Kitale, na Bungoma. Kabla ya hapo saiba ilimtoza mteja kwa dakika, na sasisho la Windows au la antivairasi lilikuwa mzigo uliokula dakika ambazo zingeuzwa. Juu ya hilo, zaidi ya robo tatu ya programu zilizotumika nchini miaka hiyo hazikuwa na leseni, kwa makadirio ya muungano wa kampuni za programu, BSA. Mwenye Windows isiyo na leseni alikuwa na sababu nzuri ya kuzima masasisho: tangu 2006 Microsoft ilikuwa ikituma ukaguzi uliomwekea onyo kwenye kioo. Akazima onyo, na pamoja nalo akazima viraka vya usalama. Katika mazingira hayo flashi ndiyo iliyokuwa mtandao. Ilibeba barua ya kuomba kazi kutoka Kimilili hadi Bungoma mjini, mtihani wa majaribio kutoka shule moja ya Kiminini hadi nyingine, ratiba ya mazishi iliyotakiwa kuchapwa kabla ya jioni, na nyimbo za kujaza kwenye redio ya nyumbani. Kila ilipochomekwa, Windows XP ilikuwa tayari kuendesha chochote ilichoagizwa na faili moja dogo liitwalo autorun.inf.

Oktoba 23, 2008, Microsoft ilitoa kiraka cha dharura kwa udhaifu uliokuwa ukitumiwa na wavamizi. Mwezi uliofuata ukatokea mnyoo wa Conficker ukipenya pale pale ambapo kiraka hakijawekwa, na toleo lake la pili, la mwishoni mwa Desemba, likajifunza kusafiri kwa flashi. Hapa udanganyifu ulipanda daraja mbili kwa mkupuo. Kwanza, mtu alipochomeka flashi dirisha lilimpa chaguo lenye picha ya folda na maneno ya kumwalika afungue kutazama mafaili. Chini yake palikuwa na chaguo jingine la namna hiyo hiyo, na hilo la pili ndilo la Windows. La juu lilikuwa mnyoo. Pili, na hili ni kubwa zaidi, Conficker haikuunda svchost.exe ya bandia. Ilijiandika kama huduma, kwa jina lililounganishwa kutokana na maneno ya kawaida ya Windows, kisha ikaiacha svchost.exe halali, iliyoko System32, yenye mzazi halali, iibebe. Aliyekagua jina aliona jina sahihi. Aliyekagua folda aliona folda sahihi. Ili kuikuta ilibidi aulize swali la tatu: svchost hii imebeba nini? Mnyoo huo pia ulifunga njia za kufikia tovuti za antivairasi na za masasisho ya Microsoft, na ukaenea katika mamilioni ya kompyuta duniani. Wakati huo kebo ya kwanza ya baharini ilikuwa bado miezi kadhaa kufika Mombasa. Ni Februari 2011 tu ndipo Microsoft iliposambaza sasisho la kuizuia XP isitii autorun ya flashi, na sasisho hilo nalo lilihitaji intaneti na Windows yenye uhusiano mwema na mwenye kuitengeneza.

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni kushuku kila kitu, na kufuta chochote kisichofahamika. Historia inalikataa jibu hilo kwa ukali. Mwaka 2001 ulienea ujumbe wa baruapepe ulioonya kwamba faili liitwalo SULFNBK.EXE ni kirusi kinachosubiri siku yake, na watu wakalifuta kwa mikono yao. Lilikuwa kifaa halali cha Windows 98 cha kushughulikia majina marefu ya mafaili. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya jdbgmgr.exe, faili halali lililokuwa na picha ya dubu mdogo, na picha hiyo peke yake ilitosha kuwaaminisha watu kwamba Microsoft isingeweza kutengeneza kitu cha namna hiyo. Hakuna kirusi kilichoandikwa katika visa hivyo viwili. Kirusi kilikuwa ushauri. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster uliigonga huduma iliyokuwa ndani ya svchost.exe, na kompyuta zikaanza kuhesabu sekunde 60 kisha kujizima. Mwishoni mwa Aprili 2004 mnyoo wa Sasser ukafanya hivyo hivyo kwa lsass.exe. Onyo lililotokea kwenye kioo lilimtaja majeruhi, halikumtaja mshambulizi, na si ajabu kwamba tangu hapo majina ya lsass na svchost yakabeba sifa mbaya miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kuelezwa kazi yao.

Wala wataalamu hawakupona. Aprili 21, 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza sasisho la antivairasi yake lililoitambua svchost.exe halali ya Windows XP kuwa kirusi. Antivairasi ikafanya kazi yake kwa utiifu: ikaiondoa. Kompyuta za makampuni, hospitali na vyuo vikuu, hasa Marekani, zikawa zinajizima na kuwaka bila kikomo, nyingine zikipoteza mtandao kabisa, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Ninakitaja kisa hiki kwa sababu kinajibu pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi, kwamba kupambanua michakato ni kazi ya antivairasi na mtu mwingine asijisumbue. Antivairasi ni ya lazima, na tangu Windows 8 mfumo wenyewe huja na Defender bila malipo, jambo lililoinua usalama wa saiba ndogo kuliko mahubiri yoyote. Lakini antivairasi hufanya uamuzi kwa kumbukumbu za yale yaliyokwisha kuonekana na kwa makisio, na kumbukumbu hizo huandikwa mbali. Inapokosea, au inapochelewa, anayebaki mbele ya mashine ni binadamu, na anahitaji kujua kuuliza.

Ushauri wa mkato nao una tarehe ya kuharibika. Kwa miaka mingi mafundi walifundishana kwamba svchost.exe nyingi ni dalili ya ugonjwa: tano au sita ni sawa, ishirini ni hatari. Kwenye XP kanuni hiyo ilikuwa na nafuu kidogo. Kisha, katika toleo la Windows 10 la Aprili 2017, Microsoft iliamua kwamba kompyuta yenye kumbukumbu ya zaidi ya gigabaiti 3.5 iziachanishe huduma, karibu kila moja na svchost yake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Kompyuta nzima na safi ikaanza kuonyesha svchost hamsini, sitini na zaidi. Fundi aliyekuwa ameshika idadi alikuwa sasa akiitilia shaka kompyuta nzima na kuiamini mbovu. Aliyekuwa ameshika nasaba hakubadilisha lolote: kila moja ya hizo sitini bado imezaliwa na services.exe, bado iko System32, bado imeamshwa kwa amri inayotaja kundi la huduma inayobeba.

Aliyeufanya mti huu uonekane kwa watu wengi ni Mmarekani Mark Russinovich, ambaye pamoja na Bryce Cogswell walianzisha mwaka 1996 tovuti iliyokuja kuitwa Sysinternals, na kutoa bure programu ya Process Explorer. Microsoft iliinunua kazi yao Julai 2006, na programu hizo bado hutolewa bila malipo. Process Explorer huipanga michakato kama ukoo, mzazi juu na watoto chini yake, huonyesha faili liko wapi, na ukiitaka huhakiki sahihi ya kidijitali ya aliyelitengeneza. Kwa vifaa hivyo Russinovich aligundua, Oktoba 2005, jambo lililowatikisa hata waliodhani kwamba hatari hutoka kwa wahuni tu: CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zikiweka kwenye kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha, yenye huduma iliyojiita Plug and Play Device Manager, jina linalosikika kana kwamba ni kiungo cha Windows. Kampuni kubwa, yenye anwani na mawakili, ilikuwa imetumia mbinu ya Brontok. Baada ya hapo haiwezekani tena kusema kwamba uhalali wa mwenye programu unamaliza mjadala. Kitu kinachojipa jina la mwingine kimeshatoa ushahidi dhidi yake, awe mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo au shirika la muziki.

Sahihi ya kidijitali ilionekana kuwa ndiyo jibu la mwisho. Mtu yeyote anaweza kuliita faili lake svchost.exe, lakini hawezi kulitia sahihi ya Microsoft bila ufunguo wa siri wa Microsoft. Watu wa Kitale wanaijua hoja hii kupitia mahindi. Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao yake mjini humo, imepigana kwa miaka mingi na walanguzi wanaopaka rangi mahindi ya kawaida na kuyatia ndani ya pakiti inayofanana na ya mbegu halali. Pakiti ni jina, yaweza kuigwa. Ndiyo maana KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ilileta kibandiko chenye namba iliyofunikwa, ambayo mkulima huikwaruza na kuituma kwa ujumbe mfupi hadi 1393, akajibiwa na daftari lililo nje ya mikono ya muuzaji. Nguvu ya kibandiko haiko kwenye karatasi yake. Iko kwenye kule kuuliza mahali pengine. Sahihi ya faili hufanya kazi vivyo hivyo, na hushindwa vivyo hivyo: pale ambapo mhuri ni wa kweli lakini umeibwa.

Wizi huo ulithibitishwa Juni 2010, wakati kampuni ya VirusBlokAda ya Belarus ilipoitambua Stuxnet, silaha ya kompyuta iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani ya Iran. Sehemu zake zilikuwa na sahihi halali za Realtek, na baadaye za JMicron, kampuni mbili za Taiwan zilizoibiwa funguo. Sikuona katika historia hii yote mfano unaofundisha zaidi ya kile Russinovich alichokiona alipoiachia Stuxnet kwenye kompyuta ya XP na kuitazama kwa Process Explorer. Palitokea lsass.exe mbili za ziada. Faili lao lilikuwa lsass.exe halisi, ndani ya System32, lenye sahihi halisi ya Microsoft, kwa sababu Stuxnet iliamsha mchakato halali kisha ikakomba yaliyomo kwenye kumbukumbu na kuweka yake. Jina lilikuwa sawa. Folda ilikuwa sawa. Sahihi ilikuwa sawa. Lakini lsass.exe halali kwenye XP ni mtoto wa winlogon.exe na huwa moja tu, na hizi mbili zilizaliwa na services.exe. Kazi iliyogharimu akili na fedha za mataifa ilifichuliwa na swali ambalo bibi yeyote wa Kibukusu humuuliza mgeni kabla ya kumpa kiti: wewe ni mwana wa nani?

Hapa mpinzani mwenye ujuzi atainuka. Atasema kwamba uzazi nao unaweza kughushiwa, na ni kweli: tangu Vista, programu inaweza kuamsha nyingine na kuiandikia mzazi asiye wake. Ataongeza kwamba programu hasidi za sasa mara nyingi hazina faili kabisa, hukaa kwenye kumbukumbu ya mchakato wa mwingine, au huja kwa mlango wa mbele zikiwa zimetiwa sahihi na mwenye nyumba. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya usafi iliyojaa kwenye kompyuta za mafundi wa mitaani kote duniani, ilisambaza kwa wiki kadhaa toleo lililotiwa sumu kiwandani. Desemba 2020 ilijulikana kwamba sasisho la SolarWinds, lenye sahihi halali, lilikuwa limepokewa na wateja wapatao 18,000 likiwa na mlango wa siri ndani. Ninakubali yote mawili, na ndiyo sababu nasaba ninayoitetea haiishii kwenye kuzaliwa. Inaendelea hadi kwenye mwenendo. SolarWinds haikugunduliwa kwa sahihi mbovu; kampuni ya FireEye iliona kifaa kigeni kikisajiliwa kwenye akaunti ya mfanyakazi wake, ikaufuata uzi hadi mwisho. Mchakato wenye kila cheti unaopeleka data usiku kwenye anwani isiyohusiana na kazi yake umejitambulisha. Kughushi alama moja ni rahisi. Kughushi mahali, mzazi, sahihi na mwenendo kwa pamoja, na kwa muda mrefu, ni kazi inayohitaji bajeti ya dola, na hata dola, kama Stuxnet inavyoonyesha, huteleza.

Kenya yenyewe ina kisa cha kiwango hicho. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na China, waliojulikana kama BackdoorDiplomacy, waliingia kwenye mitandao ya wizara na idara za serikali ya Kenya kuanzia mwishoni mwa 2019, mtumishi mmoja wa umma alipopakua hati iliyoambukizwa. China ilikanusha. Kundi hilo lilikuwa limeelezwa mwaka 2021 na kampuni ya ESET ya Slovakia, iliyolichunguza katika nchi nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati, na maelezo ya ESET yanasomeka kama Brontok aliyekwenda shule. Mafaili yao yalipewa majina kama alg.exe, ambalo ni jina halali la huduma ya Windows, na yakahifadhiwa ndani ya folda zilizoitwa kwa majina ya bidhaa zinazoaminika, Mozilla, HP, hata ESET yenyewe. Mojawapo ya zana zao ilikuwa ikisubiri flashi ichomekwe, inakili yaliyomo, na kuyaficha kwenye pipa la taka la kompyuta. Miaka kumi na mitano tangu Brontok, jina la kuazima na flashi vilikuwa bado vinatosha kuingia ofisini. Tangu 2013 serikali za kaunti ni sehemu ya mfumo huo huo wa hati na fedha, na ofisi ya Trans Nzoia au Bungoma inayopokea kiambatisho kutoka Nairobi haina sababu ya kudhani iko mbali mno kulengwa.

Kwa wananchi wengi, hata hivyo, serikali iko saiba. Kuna Kituo cha Huduma Kitale na kingine Bungoma, lakini marejesho ya kodi ya iTax kabla ya Juni 30, maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, uchaguzi wa kozi za KUCCPS na cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, vyote hupita mikononi mwa mhudumu wa saiba, na mara nyingi nywila ya mteja hupita humo pia. Programu inayonasa vibonye vinavyobonyezwa, ikijiita svchost na kukaa kwenye folda ya mtumiaji, huvuna hapo kwa siku moja namba za vitambulisho na nywila za mtaa mzima. Wapo wasemao kwamba ni ukatili kumtaka mhudumu huyo awe mpelelezi. Ningekubaliana nao kama tulichomtaka kingekuwa cha kipelelezi. Kuongeza safu ya folda kwenye Task Manager ya sasa ni kazi ya dakika moja. Kuona kwamba lsass.exe ni moja na svchost zote ziko System32 ni kazi ya dakika nyingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwadhibu mwenye kuivamia mashine, lakini mwathiriwa lazima kwanza ajue ameingiliwa, na ujuzi huo haumo ndani ya sheria yoyote.

Wengine watasema haya yamepitwa, kwa kuwa watu wamehamia kwenye simu. Simu haijaliondoa swali, imelificha. Programu za kuwapeleleza wenzi na wafanyakazi hujiweka kwenye Android kwa majina ya kufanana na ya mfumo, bila picha ya kuonekana. Septemba 2025 ilielezwa kwamba uchunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ulikuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY kwenye vifaa vya watengenezaji filamu wa Kenya vilivyokuwa vimeshikiliwa na polisi. Swali la waliohusika lilikuwa lile lile: ni nani aliyeiweka, lini, na kifaa kilikuwa mikononi mwa nani wakati huo?

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, kama ilivyoisimamisha XP Aprili 8, 2014. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Ulaya haziyatimizi, na kompyuta za namna hiyo ndizo zinazobeba saiba za miji yetu. Zitaendelea kuwaka kwa miaka mingi bila viraka, kama XP ilivyoendelea. Wa kuzisaidia wapo: Chuo Kikuu cha Kibabii kinafundisha sayansi ya kompyuta kilomita chache kutoka Bungoma mjini, na Kitale ina chuo cha kitaifa cha ufundi. Vyote viwili hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya kazini kila mwaka. Kuwapanga wachache wao wazunguke saiba za Kanduyi, Webuye na Kitale wakiwa na Process Explorer kwenye flashi iliyofungwa isiandikike, wakachora na mhudumu mti wa michakato ya mashine yake ikiwa safi, na kuuacha ukutani ili aulinganishe siku atakaposhuku, kunahitaji nauli na idhini ya mkuu wa idara.